Saa za Mapumziko ni za Nani? Vijana, Jamaa na Ngoma katika Historia ya Usukuma

Suala la vijana linapoletwa mezani katika vikao vyetu, kwa kawaida huzungumzwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kazi: vijana ni nguvukazi ya taifa, basi walime, wavue, wajenge. Njia ya pili ni makosa: vijana wanazurura, wanalewa, wanacheza kamari. Kati ya kazi na makosa zipo saa nyingi ambazo hatuzijadili. Ni saa za jioni baada ya jembe, siku za kiangazi baada ya mavuno, na usiku wa mbalamwezi ambapo mvuvi wa dagaa hashuki ziwani. Saa hizo tunaziita za mapumziko, kisha tunaziacha kana kwamba hazina siasa ndani yake.

Katika makala hii tunataka kuonyesha kwamba zina siasa, tena siasa nzito. Wafanyakazi wa dunia walilitambua jambo hili zamani. Robert Owen wa Uingereza alipodai mwaka 1817 kwamba siku igawanywe mafungu matatu, saa nane za kazi, saa nane za burudani na saa nane za kulala, alikuwa anauliza swali la umilikaji: nani mwenye saa za mtu anayefanya kazi? Wafanyakazi wa Chicago waliogoma mwezi Mei mwaka 1886 waliuliza swali hilo hilo, na baadhi ya viongozi wao wakanyongwa. Sikukuu yetu ya Mei Mosi ina asili yake katika mapambano hayo.

Lakini si lazima twende Chicago ili kujifunza. Mkoani Mwanza na katika nchi yote ya Usukuma, kusini mwa Ziwa Victoria, vijana walikuwa na utaratibu wao wa kujipangia mapumziko tangu kabla ya ukoloni. Walichagua viongozi wao, wakatunga kanuni zao, wakagharimia burudani yao kwa jasho lao, na yote hayo wakayafanya mbele ya macho ya wazazi na babu zao. Historia ya utaratibu huo ina fundisho moja kubwa kwa kada wa leo. Kila mtawala aliyejaribu kuwapangia vijana mapumziko badala ya kuwaacha wajipangie, alipata umati wa siku moja na kuwapoteza vijana kwa mwaka mzima. Fundisho hilo linamhusu mkoloni, na, kama tutakavyoona, linatuhusu sisi pia.

KAZI NA MAPUMZIKO KABLA YA UKOLONI

Maisha ya mkulima na mfugaji wa Usukuma yalifuata mvua. Tangu mvua za kwanza mwishoni mwa mwaka hadi mavuno, jembe lilitawala. Mazao yalipoingia ghalani, kuanzia Juni hivi hadi Agosti, ilifika zamu ya mbina, yaani ngoma. Kwa hiyo mapumziko hayakuwa kinyume cha kazi. Yalikuwa sehemu ya mwaka wa kazi, na aliyekuwa hakulima hakuwa na uso wa kusimama uwanjani kucheza.

Siku nayo ilikuwa na mgawanyo wake. Jioni, karibu na zizi la ng'ombe, uliwashwa moto wa shikome. Hapo walikaa wanaume wa kaya pamoja na wavulana. Babu alisimulia hadithi na nasaba, vitendawili vikategwa na kuteguliwa, mambo ya mifugo na ya majirani yakazungumzwa. Mtoto alijifunza sheria za nchi yake bila kuambiwa kwamba yuko darasani. Kwa mchezo wa isolo, ambao ni ndugu wa bao la pwani, watu walipimana akili ya kuhesabu na kukumbuka. Hayo ndiyo mapumziko ndani ya jamaa, na ndiyo yaliyokuwa msingi wa kila kilichofuata.

Kijana alipopata nguvu za kushika jembe la mtu mzima, aliingia katika elika, yaani kikundi cha vijana wa ujirani mmoja. Kiongozi wa vijana aliitwa nsumba ntale, na kwa wingi basumba batale. Huyu hakuteuliwa na mtemi. Alitoka miongoni mwa vijana wenyewe, nao walimpima kwa uhodari wake wa kazi, kwa uwezo wake wa kusuluhisha ugomvi na kwa uaminifu wake. Mwenye shamba kubwa aliyezidiwa na magugu alikwenda kuzungumza naye. Walipatana malipo, na siku ya kazi vijana walifika kwa mstari, ngoma ikipigwa, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Mchelewaji na mvivu walitozwa faini kwa kanuni za kikundi chenyewe.

Hapa tunamwomba msomaji atazame kwa makini suala la malipo. Malipo ya elika hayakugawanywa mkononi kwa kila mtu. Yaliwekwa hadi msimu wa mapumziko, kisha yakaliwa kwa pamoja katika karamu ya vijana. Kwa maneno mengine, vijana walikuwa na hazina yao, waliyoichuma wenyewe, na waliitumia kwa mapumziko yao bila kumwomba mtu. Mambo matatu yalishikamana: uongozi wa kuchaguliwa, jasho la pamoja na macho ya jamaa. Likiondolewa moja, mengine mawili yanalegea.

Tusije hata hivyo tukaangukia katika ugonjwa wa kusifia kila la zamani. Utemi ulikuwa utawala, na mtemi pamoja na wasaidizi wake walijua kuitumia nguvu ya vijana katika mashamba yao. Vilevile, mwenye ng'ombe wengi aliweza kulialika elika mara nyingi kuliko maskini, na hivyo shamba lake likazidi kukua. Mbegu za utabaka zilikuwamo. Tunachosema ni kwamba ndani ya jamii hiyo vijana walikuwa na eneo lao la kujitawala, na eneo hilo lilikuwa la kweli.

USHINDANI WA BAGIKA NA BAGALU

Katikati ya karne ya 19 ulizuka mfumo uliolivuka eneo la ujirani mmoja. Mapokeo ya Usukuma yanawataja mabingwa wawili, Ngika na Gumha, walioshindana kwa ngoma na kwa dawa. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wafuasi wa Gumha wakaitwa Bagalu. Tangu hapo vyama vya ngoma vya Usukuma viligawanyika katika pande hizo mbili kubwa, na ushindani wao upo hata leo.

Utaratibu wa mashindano unastahili kuelezwa. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja. Hakuna jopo la waamuzi lililokaa mezani. Mwamuzi ni umati wenyewe. Watu husogea kwa miguu yao kuelekea upande unaowavutia, na upande unaobaki na watazamaji wachache umeshindwa, wala hakuna wa kubishana naye. Ili kuvuta watu, kila kundi lilibuni: wa bugobogobo walirusha na kuzungusha majembe, Bayeye walicheza na nyoka, waimbaji wa wigashe walikaa chini kwa safu na kuimba kwa pamoja. Mtunzi wa nyimbo, anayeitwa ningi, alisifu, alikejeli, alionya. Bibi kizee aliyetoka kwake asubuhi kuja kumtazama mjukuu wake alikuwa na kura sawa na ya mtemi, nayo ni miguu yake.

Tukumbuke pia kwamba huo ulikuwa wakati wa misafara. Vijana wa Usukuma na Unyamwezi walikwenda pwani wakibeba pembe za ndovu na kurudi na nguo na shanga. Nyimbo za njiani ziliingia katika ngoma za nyumbani, na ngoma za nyumbani zikaenda njiani. Kijana aliyekuwa mwanachama wa upande fulani aliweza kuwatambua wenzake mbali na kwao. Kwa hiyo vyama hivi vilifundisha watu kushirikiana nje ya mipaka ya utemi wao, jambo ambalo watemi wenyewe hawakulifundisha.

Upande wa pili wa shilingi ni dawa. Iliaminika kwamba ushindi unatokana na dawa za ngoma, na aliyeshindwa alitafuta mchawi kabla ya kutafuta kosa lake. Imani hiyo iliwapa waganga mamlaka juu ya vijana, ikachochea uhasama baina ya jamaa na jamaa. Mwanamapinduzi hawezi kuifumbia macho.

PAMBA, KODI NA SAA ZA MKOLONI

Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walichukua nafasi yao, na mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikafika ziwani. Reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya mali ghafi, na mali ghafi kuu ya Usukuma ilikuwa pamba. Pamba ilimletea mkulima fedha, lakini ililetwa pamoja na kodi, na kodi ilidai fedha hiyo irudi.

Athari ya pamba katika mapumziko ilikuwa kubwa kuliko inavyodhaniwa. Pamba huchumwa na kuuzwa katika kiangazi, yaani katika msimu ule ule uliokuwa wa mbina. Miezi iliyokuwa ya mapumziko ikawa miezi ya kuchuma, kuchambua, kubeba mizigo na kupanga foleni kwa mnunuzi. Wakati huo huo malipo ya kazi ya pamoja yakaanza kugeuka. Mahali pa ng'ombe wa karamu ikaingia sarafu, na sarafu hugawanyika mkononi kwa wepesi ambao ng'ombe hana.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na sera yake juu ya saa za watu. Chini ya sheria ya utawala wa wenyeji ya mwaka 1926, watemi walipewa mamlaka ya kutoa amri juu ya mambo mengi ya maisha ya kila siku, pamoja na upikaji wa pombe. Mtemi aliyekuwa mwenyeji wa ngoma akageuzwa kuwa karani wa kibali. Kwa upande mmoja mkoloni alilalamika kwamba ngoma zinawafanya watu kuwa wavivu. Kwa upande mwingine, katika sikukuu zake, aliziita ngoma hizo hizo zije bomani kuwachezea wakubwa. Yaani ngoma ya mkulima kwa ajili ya mkulima ilikuwa uvivu, bali ngoma ya mkulima kwa ajili ya Bwana Shauri ilikuwa utamaduni. Wamisionari wa mwanzo nao waliwakataza waumini kwenda ngomani. Ilichukua muda mrefu kabla Padre David Clement hajaanzisha shughuli zake Bujora, karibu na Kisesa, ambako ngoma za Bagika na Bagalu zilikaribishwa katika sikukuu ya Bulabo na vyombo vya jadi vikahifadhiwa katika makumbusho.

Ukali ulizidi katika mpango wa maendeleo wa Usukuma wa mwaka 1947 hadi 1956. Mkulima aliamriwa namna ya kutengeneza matuta na idadi ya mifugo ya kupunguza, na aliyekaidi alitozwa faini. Mambo mengine ndani ya mpango ule yalikuwa na maana ya kitaalamu, kwa sababu ardhi ilikuwa inachoka kweli. Lakini yaliletwa kwa amri, na mtu aliyezoea kulima kwa mdundo wa elika yake hakukubali kulima kwa filimbi ya bwana shamba.

JIONI AMBAYO HAIKUFUNGWA

Mwaka 1954 chama cha TANU kiliundwa, na mwaka huo huo serikali ilipiga marufuku shughuli zake katika wilaya za Usukuma. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1958. Kwa miaka hiyo minne, sehemu yenye watu wengi kuliko nyingine nchini haikuwa na tawi halali la chama cha ukombozi. Basi mwamko ulikaa wapi?

Ulikaa kwanza katika ushirika. Wakulima wa pamba chini ya uongozi wa Paul Bomani waliunda vyama vyao vya kuuza pamba, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho la ushirika la Victoria, ambalo lilikua likawa moja ya mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Ulikaa pia katika nyimbo. Ningi aliyekuwa akimkejeli mpinzani wake wa Bagalu sasa alimkejeli mtoza faini. Mkoloni aliweza kufunga ofisi, kunyang'anya kadi na kuzuia mkutano. Hakuweza kuufunga moto wa shikome katika kila kaya. Mwaka 1958 maelfu ya watu wa Geita walipoandamana hadi Mwanza kupinga baraza la mseto walilolazimishiwa, wasomi wa kikoloni walishangaa umati ule umepangwa na nani. Sisi hatuna sababu ya kushangaa. Watu waliokwisha kuzoea kuchagua kiongozi, kutoza faini wachelewaji na kutembea pamoja umbali mrefu kwenda kushindana, hawakuhitaji kufundishwa namna ya kuandamana.

Hapa ndipo tunaona uzito wa kisiasa wa mapumziko. Vijana hawakucheza ngoma ili kupigania uhuru. Walicheza kwa sababu walipenda. Lakini kule kujipangia wenyewe kuliwajenga, na siku ya mapambano ilipofika walikuwa tayari wameshajengeka.

MAKOSA YETU WENYEWE

Uhuru ulipopatikana, Mwalimu Nyerere katika hotuba yake ya kwanza kama Rais wa Jamhuri, tarehe 10 Desemba 1962, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Nia ilikuwa njema na ya lazima, maana mkoloni alikuwa amewafundisha wasomi wetu kuzionea haya ngoma zao. Azimio la Arusha la mwaka 1967 na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka huo huo yaliirudisha kazi ya pamoja katika heshima yake. Kwa maneno, elika na ujamaa vilikuwa ndugu.

Kwa vitendo, tulikosea mahali. Katika operesheni ya mwaka 1974 kaya za mikoa ya Mwanza na Shinyanga zilihamishiwa vijijini kwa haraka kubwa. Kusudi lilikuwa kuwapelekea watu shule, maji na zahanati, na mengi ya hayo yalifika. Lakini elika haikuwa orodha ya majina. Ilikuwa ujirani. Kaya zilipopangwa kwa mstari, mara nyingi mtu na jirani yake wa miaka thelathini walijikuta wako ncha mbili za kijiji, na mifugo iko mbali. Moto wa shikome huwashwa penye zizi. Palipokosekana zizi, nao ulikosa mahali. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, hata ikabidi virudishwe kwa sheria ya mwaka 1982.

Kosa la pili lilikuwa la mtindo. Katika sehemu nyingi tuligeuza ngoma kuwa kikosi cha kumpokea mgeni. Vijana walikusanywa, wakasimama juani saa nyingi, gari likafika, wakacheza dakika chache, wakatawanyika. Hatukujiuliza tofauti yetu na Bwana Shauri iko wapi. Na kiongozi wa vijana kijijini, ambaye zamani alipimwa kwa jembe na wenzake, mara nyingi alipimwa sasa kwa ufasaha wake wa kurudia maneno ya wakubwa.

Ushahidi kwamba mizizi ilikuwa hai ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wizi wa ng'ombe ulipozidi, wanakijiji wa Usukuma na Unyamwezi waliunda ulinzi wa sungusungu kwa nguvu yao wenyewe, wakitumia desturi zile zile za kuchagua viongozi, kutoza faini na kuitana usiku. Chama na Serikali vilikuja baadaye kuwatambua. Lakini sungusungu ilitufundisha na jambo la kuogofya. Palipokosekana sheria na haki, baadhi ya vikundi vilipiga watu na kuwaandama vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Kujipangia bila kuwajibika kwa jamaa yote, pamoja na wanyonge wake, huweza kugeuka kuwa ukatili. Kwa hiyo hatutetei uholela. Tunatetea mpango unaotoka kwa wahusika wenyewe na unaoonekana na wote.

UFUKONI NA MJINI

Watu wa ufuko na visiwa wana kalenda yao. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi unapong'aa, mwanga wa taa haufui dafu, na wavuvi hupumzika. Kwa mvuvi, basi, mapumziko huletwa na mwezi. Katika Ukerewe, Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe riwaya kubwa ya Myombekere na Bugonoka, aliyoimaliza mwaka 1945 na ambayo ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Myombekere anadaiwa na wakwe zake pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe, na majirani wanakuja kumsaidia kuikamua. Jambo la aibu ya nyumba moja linageuka kazi ya wengi, na kazi inageuka siku ya maongezi na vicheko. Jamaa na burudani havikutengana.

Uvuvi wa sangara uliposhamiri kuanzia miaka ya 1980, zilikua kambi za wavuvi ambamo vijana walikaa miezi mingi mbali na wazazi, wake na watoto. Fedha ilikuwapo na muda ulikuwapo, ila macho ya jamaa hayakuwapo. Matokeo yake tunayafahamu: ulevi, magonjwa na fedha iliyochumwa kwa juma kuisha kwa usiku mmoja. Tukilinganisha kambi na elika tutaona vijana ni wale wale. Kilichotofautiana ni kwamba wa kambini hawakuwa na hazina ya pamoja wala mtu wa kuwatazama akijali.

Mjini Mwanza wafanyakazi wa viwanda na bandari walijenga burudani yao katika kandanda. Timu ya Pamba, yenye jina la zao lenyewe, ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1990, na familia nzima zilikwenda uwanjani. Leo, katika mkoa ambao sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu kuwa na watu zaidi ya milioni 3.6, kijana ana simu mkononi, kibanda cha video mtaani na duka la kubashiri matokeo ya mechi kila kona. Burudani hizo zimekwisha kupangwa na mtu mwingine, kwa faida ya mtu mwingine, na kijana huingia akiwa mnunuzi tu. Anayebashiri hukaa kati ya watu wengi akiwa peke yake. Hata karamu ya pamoja haipo mwishoni, maana malipo ya wengi huenda kwa mmoja. Huu ni unyonyaji wa saa za mapumziko, na kuulaumu upande wa kijana peke yake ni kumlaumu mkulima kwa bei ya pamba.

NANI ANAPIKA?

Kabla ya kuhitimisha ni lazima tuulize swali ambalo wazee wa shikome hawakuliuliza. Vijana walipokaa motoni wakisikiliza, nani alikuwa jikoni? Elika ilipokula karamu yake, nani aliteka maji, akatwanga nafaka, akapika pombe? Wasichana waliimba na kucheza, lakini mapumziko yao yalianza baada ya yale ya kaka zao na kuisha mapema zaidi. Mapumziko ya mmoja yalibebwa na kazi ya mwingine, na aliyeibeba alikuwa mama au dada.

Azimio la Arusha liliwakumbusha wananchi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi nyingi kupita wanaume. Ikiwa hivyo ndivyo, basi mpango wowote wa mapumziko ya vijana pamoja na jamaa zao ambao hauanzi na mgawanyo wa kazi za nyumbani ni mpango wa nusu ya jamaa. Kijana wa kiume anayeteka maji jioni ili dada yake naye apate kukaa motoni, amefanya jambo la kimapinduzi kuliko yule anayehutubia juu ya usawa huku akisubiri chakula.

WAJIBU WA KADA

Tumeona kwamba vijana wa Usukuma walijipangia mapumziko yao kwa mambo matatu: uongozi waliouchagua, hazina waliyoichuma, na jamaa iliyowatazama. Mkoloni alivuruga hazina kwa kodi na uongozi kwa vibali. Sisi tulivuruga ujirani kwa haraka na uongozi kwa uteuzi. Soko la leo linavuruga yote matatu bila kutoa amri hata moja.

Kada afanye nini? Kwanza, alinde viwanja. Uwanja wa wazi wa kijiji au mtaa ukishapimwa na kuuzwa, hotuba juu ya michezo haina maana. Pili, vijana wakiunda kikundi cha ngoma, cha mpira, cha kwaya au cha kulima, wachague kiongozi wao na washike fedha yao, na hesabu isomwe mbele ya wazazi na wenzao. Tatu, shughuli zipangwe kwa kalenda ya watu: kiangazi kwa mkulima, mbalamwezi kwa mvuvi, mwisho wa zamu kwa mfanyakazi. Nne, kikundi kiulizwe swali la nani anapika, na kilijibu kwa vitendo.

Na kada mwenyewe akialikwa, aende kama mzazi, akae chini pamoja na watu wengine. Kama ngoma ya upande huu haimvutii, ana haki sawa na bibi kizee yule: asimame, avuke uwanja, aende upande wa pili. Asiombe kipaza sauti.